Kioo Kitupu, Mkono Uliopinda

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusoma vioo vya maabara mkoani Dodoma, vile vipande vyembamba tunavyopaka sampuli na kuvitazama kwa hadubini: makohozi, damu, kinyesi, na mara chache utelezi wa ngozi ya watu wanaodhaniwa kuwa na ukoma. Hivyo vichache ndivyo vilivyonifundisha zaidi kuliko vingine vyote. Mtu ambaye vidole vyake vimeshaanza kukunjika anaweza kuniletea kioo kisicho na kimelea hata kimoja. Na mtu mwenye viganja vizima, ngozi laini, anayepita sokoni bila yeyote kumgeukia, anaweza kuniletea kioo kilichojaa vimelea visivyohesabika. Kimelea ni kilekile kwa wote wawili. Chuoni nililisoma jambo hili na kulijibia mtihani, lakini kulielewa nililielewa siku walipokuja watu wawili wa tumbo moja.

Kabla sijawafikia hao, nieleze kipimo chenyewe, maana vijana wengi wa maabara siku hizi hawajawahi kukifanya. Hakihitaji umeme wala mashine kubwa. Unabana ncha ya chini ya sikio kwa kidole gumba na kidole cha shahada mpaka damu ikimbie na ngozi ipauke, na ukishabana huachii. Kwa kisu kidogo cha upasuaji unachana mchano mfupi, wa milimita 5 hivi kwa urefu na milimita 2 au 3 kwenda chini, kisha unageuza kisu na kukwangua kuta za ndani za mchano. Hutafuti damu, unatafuta ule utelezi, majimaji ya ndani ya ngozi. Unaupaka kwenye kioo, unauacha ukauke, unaupitisha juu ya moto wa spiriti ili ushike. Unamwagia karboli fuksini nyekundu na kuipasha mpaka mvuke uanze kupanda, bila kuiacha ichemke. Unaosha kwa asidi, unamalizia na methilini bluu. Kimelea cha ukoma kina ukuta wenye nta, kwa hiyo kikishaishika ile rangi nyekundu asidi haikivui kwa urahisi. Kila kitu kingine kinavuliwa na kugeuka bluu.

Fundi mzee aliyenifundisha alikuwa mkali kuhusu hiyo asidi. Alikuwa akisema, "Hiki si TB, mwanangu. Ukikiosha kwa nguvu ya TB kitakuvulia nguo chote, halafu utamwambia mgonjwa ni mzima." Alikuwa sahihi. Kimelea cha ukoma, Mycobacterium leprae, ni ndugu wa kile cha kifua kikuu, lakini kinaachia rangi mapema zaidi, ndiyo maana asidi yake huwa hafifu.

Jambo la pili alilonisisitizia ni kuomba ruhusa kabla ya kumgusa mtu sikio, na alikuwa na sababu ya kihistoria. Aliyekigundua kimelea hiki ni daktari wa Norwei, Gerhard Armauer Hansen, mjini Bergen, mwaka 1873. Wakati huo watu wengi, hata madaktari, waliamini ukoma ni wa kurithi. Hansen aliona vijiti vidogo ndani ya tishu za wagonjwa wake na akasema hivi ndivyo chanzo. Lakini katika kutafuta uthibitisho alimchoma mgonjwa mmoja, mwanamke, jichoni kwa vitu vilivyotoka kwa mgonjwa mwingine, bila ridhaa yake. Mama yule alilalamika, shauri likafika mahakamani, na mwaka 1880 mahakama ikamwondoa Hansen kwenye nafasi yake ya udaktari wa hospitali. Mzee wangu alikuwa akitusimulia habari hiyo kila tulipopokea mwanafunzi mpya. Sikumbuki mwalimu mwingine aliyewahi kunieleza kwamba mgonjwa wa ukoma naye ana haki ya kusema hapana.

Uthibitisho aliokuwa akiutafuta Hansen ulikuwa mgumu kwa sababu kimelea hiki hakikubali kuoteshwa maabara. Vimelea vingi tunavifuga kwenye visahani vyenye chakula chake na kesho yake au wiki ijayo tunaviona vimestawi. Hiki hakijawahi kuoteshwa kwa njia hiyo mpaka leo. Ilibidi kusubiri mwaka 1960 ndipo mtafiti wa Marekani, Charles Shepard, akafanikiwa kukikuza kwenye nyayo za panya, na baadaye kikastawi ndani ya mnyama wa Amerika aitwaye armadilo, ambaye joto la mwili wake liko chini ya letu. Kinapenda baridi. Ndiyo maana tunachana masikio, na ndiyo maana ugonjwa hukaa puani, usoni, kwenye viwiko, magoti na vifundo, mahali ambapo mishipa ya fahamu inapita karibu na ngozi. Na ni kivivu kupita kiasi: kinachukua karibu wiki mbili kugawanyika kuwa viwili, wakati kile cha kifua kikuu kinatumia chini ya siku moja na bado tunakiita cha polepole. Mtu anaweza kukipata leo akaona dalili baada ya miaka 5, na wengine huchukua miaka 20 au zaidi. Uvivu huo ndio unaozaa maneno ya uchawi. Baka likitokea miaka mingi baada ya maambukizi, nani atakumbuka alilala nyumba moja na nani? Ni rahisi zaidi kumtaja jirani mliyegombana naye mwezi uliopita.

Sasa hao ndugu. Walitoka kijiji kimoja wilayani Chamwino. Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya ndiye aliyeniita, kwa sababu alimtilia shaka kijana mmoja mchungaji. Kijana alikuwa na baka moja tu begani, rangi yake imefifia kuliko ngozi ya pembeni, kavu, halina vinyweleo wala halitoi jasho. Ukimfumbisha macho na kuligusa kwa ncha ya pamba, haonyeshi chochote. Ukigusa pembeni, kidole chake kinakwenda palepale. Ukipapasa nyuma ya kiwiko unakuta mshipa wa fahamu umevimba, unateleza chini ya kidole. Kidole chake cha mwisho na cha pete vilikuwa vimeshaanza kujikunja, na fimbo ilikuwa ikimponyoka. Nilichukua utelezi wa masikio yote mawili na wa ukingo wa lile baka. Nikakaa na hadubini, eneo baada ya eneo, bluu tupu. Hakuna kitu.

Dada yake mkubwa alikuwa amekaa kwenye benchi nje. Mratibu alimtazama kwa muda, akanong'ona, "Mchukue na huyu." Yule mama alishangaa. "Mwanangu, mimi nimemsindikiza tu mdogo wangu. Mimi sina baka." Kweli hakuwa nalo. Ngozi yake iling'aa, na kijijini, alituambia mwenyewe, walikuwa wakimsifia kwamba anazeeka vizuri. Lakini nyusi zake zilikuwa zimepungua upande wa nje, ncha za masikio zilikuwa nene, na alikuwa akivuta pumzi kwa mdomo kwa sababu pua ilikuwa imeziba miezi mingi, akidhani ni vumbi la kiangazi. Alikubali tumpime.

Kioo chake sitakisahau. Vimelea vyekundu vilikuwa vimelaliana mafungu kwa mafungu, kama njiti za kiberiti zilizofungwa pamoja, katika kila eneo nililotazama. Sisi huandika kiwango kuanzia 0 mpaka 6. Sita maana yake ni wastani wa zaidi ya vimelea 1,000 katika kila eneo moja, yaani duara moja unaloliona kwa lenzi ya hadubini inayotumiwa na mafuta. Yeye alikuwa 6.

Hapo ndipo niliporudi kwenye daftari la chuo nikasoma tena kwa macho mengine. Yule kijana, mwili wake ulikuwa umekitambua kimelea na kukishambulia. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimekizingira na kukimaliza karibu chote, ndiyo maana sikukiona. Lakini kimelea hiki hupenda kujificha ndani ya seli za Schwann, zile zinazoufunika mshipa wa fahamu, na vita vikipiganiwa mle ndani, mshipa ndio unaoharibika. Mkono uliopinda ulikuwa dalili ya mwili uliopigana vikali. Wataalamu huuita ukoma wa tuberkuloidi: mabaka machache yenye mipaka inayoonekana, ganzi ya mapema, vimelea vichache au hakuna. Dada yake alikuwa upande wa pili kabisa, ukoma wa lepromatosi: mwili haukukiona kimelea kama adui, kikazaliana kwa uvivu wake mwaka baada ya mwaka, kikaenea ngozini na puani, na mishipa yake ikaharibika polepole, bila kelele, ganzi ikianzia mikononi na miguuni kote kuwili. Mwaka 1966 madaktari wawili, Ridley na Jopling, walipanga hali hizi kwa mstari mmoja: tuberkuloidi mwanzo, lepromatosi mwisho, na katikati hatua tatu za watu ambao miili yao haijaegemea upande wowote. Kuna na hali ya mwanzo kabisa, kibaka kimoja hafifu, mara nyingi kwa mtoto, ambacho bado hakijachagua njia na mara nyingi hupona chenyewe.

Kijijini, bila shaka, hukumu ilikuwa imeshatolewa kinyume. Kijana ndiye aliyetengewa kikombe, kwa sababu mkono wake ulionekana. Dada yake ndiye aliyekuwa akipika, akibeba watoto wa ndugu zake na kulala nao chumba kimoja katika tembe. Sisemi hivi kumlaumu. Hakujua, na hakuna aliyejua. Tena kati ya watu 100, takribani 95 kinga yao ya asili inatosha, kimelea kikiingia hakiwafanyi kitu. Ukoma hauambukizi kwa kupeana mkono wala kwa kukaa kiti kimoja ndani ya daladala. Unahitaji kukaa karibu kwa muda mrefu na mtu ambaye hajatibiwa, kuvuta hewa yenye matone ya pua na mdomo wake. Na dawa ikishaanza, ndani ya siku chache tu vimelea vilivyo hai hupungua mno hata asiweze kumwambukiza mtu. Kama kuna jambo ningependa lisomwe makanisani na misikitini Dodoma nzima, ni hilo la mwisho.

Dawa zenyewe ni mseto wa rifampisini, dapsoni na klofazimini, na Shirika la Afya Duniani lilianza kuupendekeza miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya kimelea kuzoea dapsoni iliyotolewa peke yake. Ni bure. Mwenye mabaka 1 hadi 5 na asiye na vimelea kwenye kioo anatumia miezi 6, mwenye zaidi ya hapo, au aliyeonekana vimelea, miezi 12. Mkojo utakuwa mwekundu baada ya rifampisini, na klofazimini itaufanya weusi wa ngozi uongezeke kwa miezi mingi. Mambo haya yaambiwe mapema. Nimeona wanawake vijana wakiacha dawa kwa sababu ya rangi ya uso, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba rangi yao ya kawaida itarudi.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni habari ya vimelea vilivyokufa. Mkulima mmoja wa mpunga kutoka Bahi alimaliza miezi yake 12 vizuri, kadi imejazwa yote. Ukoo ukasema hawamruhusu kurudi kula nao mpaka apimwe tena. Nikampima, na kioo kikatoa vimelea. Angekuwa amesomewa jibu hilo na mtu mwenye haraka, ndoa yake ingekufa. Lakini ukitazama kwa makini, kimelea kilicho hai kina mwili mmoja ulioshiba rangi mwanzo hadi mwisho. Vyake vilikuwa vimekatikakatika, vimebaki chembechembe. Mwili huchukua miaka kuviondoa vilivyokufa. Kiwango hushuka kwa hatua moja hivi kwa mwaka. Nilimwomba amlete mkewe. Nikamkalisha yule mama kwenye hadubini, nikamwonyesha kwanza picha ya vile vizima kitabuni, kisha vya mumewe. Alitazama muda mrefu. Akauliza, "Kwa hiyo haya ni maiti?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi niandikie hivyo, mama mkwe anajua kusoma." Nikamwandikia kwa Kiswahili cha wazi, na mganga mfawidhi akagonga muhuri.

Hao maiti, hata hivyo, wana madhara yao. Mwanamke mwingine, wa Mpwapwa, alikuwa katika zile hatua za katikati. Miezi michache baada ya kuanza dawa, mabaka yaliyokuwa yamefifia yaliwaka mekundu na kuvimba, kiwiko kikauma usiku kucha, na mkono ukaanza kuangusha sufuria. Nyumbani wakasema dawa za hospitali zimemwamshia ugonjwa, wakamwachisha. Kilichoamka kilikuwa kinga yake: mwili ulianza kuvishambulia vimelea na mabaki yake ndani ya mishipa ya fahamu, hata yale yaliyokufa. Hali hiyo inaweza kutokea kabla ya matibabu, katikati, au hata baada ya dawa kuisha, na kwa wale wa lepromatosi huja kwa sura nyingine, vinundu vyenye maumivu pamoja na homa. Ni dharura. Dawa ya ukoma haiachwi, na juu yake daktari huongeza prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa wiki nyingi, ikipunguzwa taratibu. Mama huyu alirudi akiwa amechelewa kidogo. Mkono ulipata nguvu kiasi cha kushika jembe, lakini kidole cha mwisho hakikunyooka tena. Mpaka leo, mtu akianza dawa mbele yangu, namwambia: ukiona baka linawaka, jicho halifungi, au mkono unalegea ghafla, usisubiri tarehe ya kliniki.

Watu wa Dodoma wakisikia ukoma wanataja Hombolo, kaskazini-mashariki mwa jiji, ambako kwa miaka mingi wagonjwa walipelekwa kuishi na kutibiwa. Nimekaa na wazee wa huko. Walio wengi hawana kimelea hata kimoja mwilini na hawajawa nacho kwa miongo. Wanachoishi nacho ni ganzi. Anakanyaga mwiba wa mgunga asubuhi na kuugundua jioni kwa damu. Anatoa sufuria kwenye mafiga kwa mikono mitupu, na harufu ndiyo inayomwambia kwamba ameungua. Mzee mmoja alinieleza alivyotafunwa kidole na panya usingizini. Vidole havidondoki kwa kuliwa na ukoma, kama watoto wanavyoambiwa. Vinakwisha kwa vidonda vya kila siku visivyouma. Kwa hiyo mzee yule kinachomfaa ni katambuga iliyotandikwa sponji ndani, beseni la maji ya kulowekea miguu, mafuta ya kupaka, na kioo kidogo cha kutazamia nyayo kila jioni. Kumwita mkoma mtu aliyepona kabla wewe hujazaliwa ni dhuluma, na nalisema hilo popote ninapolisikia, hata msibani.

Tulirudi Chamwino kwa wale ndugu. Tuliwapima wote waliolala katika tembe ile, na mtoto mmoja wa kike alikuwa na kibaka hafifu mgongoni ambacho hakusikia pamba. Alianzishiwa dawa akiwa na mikono na miguu yote mizima. Wengine, ambao hawakuwa na dalili, siku hizi wanaweza kupewa dozi moja ya rifampisini ya kukinga, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lililipendekeza mwaka 2018. Wakati ule hatukuwa nayo, tuliwaeleza tu nini cha kutazama. Yule kijana mkono wake haukurudi kama zamani, ila hakupoteza zaidi. Dada yake kioo kilishuka mwaka hadi mwaka, pua ikazibuka, na nyusi, alilalamika, hazikuota.

Ninachopigania sasa ni kile kisu kidogo na moto wa spiriti. Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000, na tangu hapo ukoma umeonekana ugonjwa wa babu zetu. Miongozo inaruhusu kuanza tiba kwa kuhesabu mabaka bila kupima ngozi, na hilo ni jema kwa zahanati ya kijijini isiyo na hadubini. Limeokoa mikono mingi. Lakini katika maabara za wilaya, ambako hadubini ipo na rangi zipo kwa ajili ya TB, ujuzi huu unakufa pamoja na mafundi wanaostaafu. Wakifika wanafunzi wa mazoezi nawafundisha kubana sikio, kuchana, kukwangua, na kuosha kwa asidi hafifu. Baadhi huniuliza kwa nini wajifunze kipimo ambacho mwongozo haukilazimishi. Nawaeleza habari za mama wa Chamwino, ambaye hakuwa na baka hata moja la kuhesabu.